Dorkas na Watu wa Kupima Maji

Siku wageni walipofika na chupa zao, Dorkas Msengi alifunga geti la kisima, akauchomeka ufunguo ndani ya kanga, akakaa juu ya ndoo aliyoifudikiza. Wageni walikuwa watatu. Walishuka kwenye gari lililojaa vumbi, wakaja kwa miguu kupitia shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa. Aliyetangulia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye kofia pana na viatu vya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za hapa?"

"Za hapa nzuri. Za huko mtokako sizijui."

Yule mwanamke alicheka kidogo, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akasema anaitwa Belinda, ametoka Chama cha Wanasayansi wa Maji na Miamba, na mwenyekiti wa kitongoji alikwisha kuarifiwa. Walikuwa wanaomba maji kidogo ya kisima, wakayapime.

"Mwenyekiti ana taarifa," Dorkas alisema. "Mimi nina ufunguo."

Chediel, mwenyekiti wa kitongoji cha Kisonga, alifika anahema, baiskeli ameikokota kwa sababu ya mchanga. "Mama Nathan, wafungulie. Hawa ni watu wa halmashauri."

"Hapana, mwenyekiti," Belinda alisema. "Halmashauri imetuomba ushauri. Sisi si watumishi wake."

Dorkas akamtazama mmoja, akamtazama na mwingine. "Huyu anasema ninyi ni wa halmashauri, wewe unasema siyo. Nendeni mkapatane kwanza."

Hawakuchota maji siku ile.

Watu waliohamia Kisonga miaka ya karibuni walimwona Dorkas kuwa mama mkorofi. Waliomjua tangu zamani hawakusema hivyo. Alikuja pale akiwa bibi harusi, ameolewa kutoka upande wa Kinampanda, na kitu cha kwanza alichoonyeshwa na mama mkwe wake kilikuwa njia ya kwenda korongoni. Kiangazi korongo lile halina maji ya kuonekana. Unafukua mchanga, unangoja maji yajikusanye shimoni, unachota kwa kibuyu huku ng'ombe wanakupumulia mgongoni. Yalikuwa maji matamu, hayana chumvi hata kidogo. Ndiyo yaliyomwua mwanawe Peniel, mdogo wake Nathan. Mtoto alianza kuharisha, akalegea, na baba yake alipompakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati hakufika naye akiwa hai. Wakamzika juu ya korongo, pale palipokuwa na makaburi mengine madogo.

Baada ya msiba ule Dorkas hakuwaacha wakubwa wapumue. Alikusanya akina mama, wakawa wanakwenda ofisi hii na ile, wakiambiwa warudi wiki ijayo, na wiki ijayo wanarudi kweli. Siku mashine ya kuchimba ilipoingia Kisonga, wanawake waliikimbilia barabarani kwa vigelegele. Maji yalipatikana mbali chini ya mwamba. Yalikuwa na ladha ya chumvichumvi, lakini meupe kabisa. Ikafungwa pampu ya mkono, ukajengwa uzio, na Dorkas akachaguliwa kushika ufunguo. Tangu wakati huo kule juu ya korongo hapakuongezeka makaburi mengi ya watoto.

Lakini kulikuwa na jambo la meno. Watoto waliozaliwa baada ya kisima kuchimbwa waliota meno yenye madoa ya kahawia, kama yamesukutuliwa kwa maji ya kutu. Wengine walisema ni pipi za dukani. Wengine walisema ni ukoo, ingawa madoa hayakuchagua ukoo. Vijana wa Kisonga waliokwenda kutafuta kazi Singida mjini walijifunza kucheka mdomo umefungwa. Na kulikuwa na Ritha, mjukuu wa Dorkas, mtoto wa Nathan, aliyekuwa akilelewa na bibi yake na mama yake, Elina, huku Nathan akifanya kazi ya reli kule Itigi. Ritha alikuwa na matege. Akikimbia, magoti yalikwenda huku na huku, na wenzake walimwacha nyuma.

Dorkas aliyaona hayo yote. Ila miaka ya nyuma walikuwa wamekuja vijana wawili wenye kamera, wakawapanga watoto wa shule mstari, wakawaambia wapanue midomo, wakawapiga picha. Walisema majibu yatakuja. Hayakuja. Baadaye mtu aliyetoka mjini alieleza kwamba ameziona picha za meno ya watoto wa Kisonga kwenye bango la mkutano fulani, watu wanakunywa soda chini yake. Dorkas alilisikia hilo akalihifadhi.

Kisha muda mfupi kabla ya wageni wa chupa, Chediel aliitisha mkutano akasema halmashauri ina mpango wa kuziba kwa zege visima vyote vyenye madini mengi ya floraidi, yanayosemekana kuharibu meno na mifupa, na cha Kisonga kinatajwa. Mhandisi wa maji alikuwa ameshasema kwenye kikao kimoja kwamba maji yale ni sumu.

"Tukizibiwa tutakunywa nini?" mtu aliuliza.

"Wamesema wataangalia utaratibu."

"Utaratibu unanyweka?" Dorkas aliuliza, na watu wakaguna.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeonekana kutokuwa na wasiwasi. Huyo ni Emilian, mfanyabiashara wa Kinampanda mwenye lori la tangi la kuuza maji. Mkutano haujapoa, yeye alikuwa ameshapita vitongoji viwili akiuliza ni nyumba ngapi. Dorkas aliunganisha mambo hayo kichwani: mhandisi anayesema sumu, lori linalohesabu nyumba, na sasa watu wa chupa. Kwake yeye ilikuwa kamba moja, na alikuwa anatafuta mkono ulioishika.

*

Belinda alirudi baada ya siku chache, safari hii bila gari. Aliliacha barabarani akaja na mwenzake mmoja, kijana mrefu aitwaye Paschal. Alimkuta Dorkas akipepeta uwele, akaomba kuketi.

"Mama, uliuliza sisi ni wa nani. Nimerudi kujibu."

"Nilikuwa siulizi. Nilikuwa nawafukuza."

"Basi nijibu hivyo hivyo." Belinda akaeleza. Chama chao kina watu wa aina nyingi: wanaosoma miamba, wanaopima maji, madaktari wa meno, walimu wa vyuo, wengine wamekwisha kustaafu. Hakuna anayeajiriwa na chama. Serikali au halmashauri ikitaka kutunga sheria juu ya maji, inaweza kuwauliza wanajua nini. Wao hupima, hukaa, hubishana, kisha huandika walichokubaliana na walichoshindwa kukubaliana. Kuamua si kazi yao.

"Na anayewalipa ni nani?"

"Wanachama tunatoa michango. Safari hii mafuta ya gari yametolewa na halmashauri."

Dorkas akasimamisha ungo. "Kwa hiyo halmashauri imewatia mafuta mje kusema anachotaka mhandisi wake."

"Imetutia mafuta tuje tupime. Na hilo la mafuta litaandikwa ukurasa wa kwanza wa taarifa yetu, kila mtu alisome."

"Kuandika si kazi. Hata mwizi anajua kuandika."

Paschal alikohoa. Belinda hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Ritha alitokea nyuma ya nyumba akimfukuza kuku, akapita mbele yao kwa mwendo wake ule. Dorkas aliyaona macho ya Belinda yakishuka hadi kwenye magoti ya mtoto, yakakaa hapo, kisha yakaondoka. Hakupenda namna yalivyokaa, wala hakupenda yalivyoondoka.

"Nipeni hizo chupa," alisema ghafla. "Nitachota mimi. Nitachota ninapotaka, sitawaambia wapi. Mtapima, mtakuja mbele ya watu wote mseme chupa ipi ni maji gani. Mkikosea hata moja, msikanyage tena hapa."

Alidhani watakataa. Belinda aligeuka kwa Paschal na uso wake ukawa na furaha ya kweli, jambo lililomkera Dorkas zaidi. "Mama, hivyo ndivyo sisi wenyewe tunavyopenda kupima. Ila chupa za vijidudu zina masharti yake, nitakuonyesha usiziguse mdomo. Na hizo lazima tuzipime leo leo."

Dorkas alizunguka nazo mchana kutwa. Moja aliifunga uzi mwekundu, moja mweusi, moja mweupe, na ya mwisho hakuifunga kitu. Jioni aliwarudishia, na hakumwambia mtu alikochota, hata Elina.

*

Jumatatu ya gulio Dorkas alikwenda Kinampanda kuuza kuku. Alipita nyuma ya kituo cha mafuta, mahali Emilian alipokuwa akilaza lori lake. Lango lilikuwa wazi. Ndani, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Paschal, yule kijana mrefu wa Belinda, sahani ya nyama choma mapajani, na Emilian anamsukumia chumvi.

"Kula, shemeji," Emilian alikuwa akisema. "Huko maporini hawakupi chochote."

Dorkas hakusimama. Alishika njia ya nyumbani na kuku wake hajawauza, na kwa namna fulani amefurahi. Alikuwa ameupata mkono ulioshika kamba.

Siku ya majibu walikutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wengine wakasimama madirishani. Belinda aliziweka chupa mezani, akaanza bila maneno mengi.

"Chupa yenye uzi mweusi ina floraidi kidogo sana, lakini ina vijidudu vya kinyesi kwa wingi. Nadhani ni maji ya korongoni. Yenye uzi mweupe haina floraidi, na vijidudu ni vichache. Nadhani ni ya mvua, kutoka kwenye tangi. Yenye uzi mwekundu ina floraidi inayozidi kiwango kwa mbali, na vijidudu hakuna. Hiyo ni ya kisima." Akaishika chupa ya mwisho. "Hii isiyo na uzi imenisumbua. Nilitegemea maji ya mahali pengine. Lakini vipimo vyake ni sawasawa na vya uzi mwekundu. Nadhani, mama, ulichota kisima kile kile mara mbili."

Darasa lote likamgeukia Dorkas. Mtu dirishani akasema, "Eti kweli, Mama Nathan?"

Ilikuwa kweli. Ya mvua aliichota kwenye tangi la kanisa, na ya kisima aliigawa mara mbili ili waseme vitu tofauti, awaumbue. Alisimama pale akiwa amejiandaa kuwaumbua, na wao wakawa wamepatia. Kama hawakudanganya kuhusu chupa, basi hawakudanganya kuhusu kisima. Kisima chake. Maji aliyoyapigania, aliyowanywesha watoto wa watu kwa ufunguo wake mwenyewe.

"Ya maji mmesema kweli," alisema. "Sasa tusemeeni kweli ya watu. Huyu Paschal ni nani kwa Emilian mwenye lori?"

Minong'ono ikaanza. Paschal alisimama, akakaa, akasimama tena. "Emilian amemwoa dada yangu," alisema.

"Na kisima kikizibwa, maji tutanunua kwa nani?"

Belinda alikuwa amemgeukia kijana wake, na kila aliyekuwa mle ndani aliona kwamba hakuwa akijua. Uso ulimbadilika. "Paschal, mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, dokta. Na sikuona inahusiana. Mimi nimepima tu."

"Inahusiana," Belinda alisema. Kisha akawaambia watu kwamba Paschal anatoka kwenye kazi ile kuanzia dakika hiyo, kwamba maji yatachotwa upya na watu wengine wa chama na kupelekwa kwenye maabara nyingine, na kwamba jambo hili nalo litaandikwa. "Kosa ni langu. Nilipaswa kumuuliza kila mmoja wetu kabla hatujatoka mjini."

Watu walitawanyika kwa kelele. Wapo waliomsifu Dorkas. Wapo waliomlaumu, akiwemo Chediel. "Sasa umewachelewesha," alimwambia njiani. "Mhandisi hatasubiri. Ataziba wakati hawa bado wanapima upya."

"Heri kuchelewa kuliko kuuzwa."

Lakini usiku ule na siku zilizofuata hakuwa na raha. Alimpikia Ritha uji, akaitazama sufuria, akamwita Elina. "Kuanzia leo maji ya huyu mtoto chota kwenye tangi la kanisa. Mchungaji akiuliza, mwambie aje kwangu."

"Mama, si ulisema wale watu ni waongo?"

"Sijasema si waongo. Nimesema chota."

*

Waliokuja kupima upya walikuwa wazee wawili wastaafu. Dorkas aliwasimamia tangu chupa ya kwanza mpaka ya mwisho, akiwauliza wameoa wapi, wana ndugu gani Kinampanda, nani anafanya biashara ya maji. Wazee walijibu yote. Mmoja alisema amekuwa mwanasayansi miaka mingi na hajawahi kuhojiwa hivyo hata alipokuwa anaomba kazi.

Belinda alifuatana nao, na jioni akapita kwa Dorkas kuaga. Ritha alikuwa amekaa kizingitini anamenya karanga. Dorkas alimsubiri Elina aingie ndani, kisha akauliza swali alilolibeba tangu siku Belinda alipoyatazama magoti ya mtoto.

"Miguu ya huyu. Ni kisima?"

Belinda alichuchumaa, akamwomba Ritha anyooshe miguu, akaigusa taratibu. "Sijui, mama."

"Hujui?"

"Maji kama haya yanaweza kupinda mifupa ya mtoto. Lakini matege yana sababu nyingine pia, hata za chakula. Kwa mtoto mmoja, kwa kumtazama tu, siwezi kusema. Apelekwe hospitali apigwe picha ya mifupa. Nitakuandikia wa kumwona."

"Umesoma miaka yote hiyo, unakuja kwangu unasema hujui!" Sauti ya Dorkas ilipanda mpaka Elina akachungulia. "Chupa ulizijua. Mtoto wangu humjui."

"Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Belinda alipoondoka Dorkas alibaki amekasirika hadi giza likaingia. Alikuwa anataka kusikia ndiyo, ili amalize kulia, au hapana, ili alale. Baadaye, alipolala bila usingizi, aliwakumbuka watu waliowahi kumwuzia maneno maishani mwake: muuza dawa aliyesema mizizi yake ingemponya mumewe, wale vijana wa kamera waliosema majibu yatakuja bila shaka, Emilian na maji yake anayoapa ni safi ingawa hasemi anayachota wapi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusema hajui. Hakumwamini Belinda kwa sababu hiyo. Ila alianza kumtilia shaka kwa namna nyingine, kama mtu anavyoutilia shaka mzani uliowahi kupima sawa.

*

Kikao cha halmashauri kilifanyika wakati mawingu ya kwanza yameanza kukusanyika. Dorkas na Chediel waliitwa kama wawakilishi wa Kisonga. Walifika mapema, na kitu cha kwanza Dorkas alichokiona ni Belinda akinywa chai na mhandisi. Akamnong'oneza Chediel, "Unaona? Wameshaongea." Akachagua kiti ambacho angeweza kuwaona wote wawili.

Belinda alisoma muhtasari kwa Kiswahili, karatasi chache. Mwanzoni kabisa alisoma kwamba mafuta ya gari yalitoka halmashauri, na kwamba mpimaji mmoja aliondolewa kwa sababu ya undugu na mfanyabiashara wa maji, baada ya mwananchi wa Kisonga kulifichua. Emilian, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, aliinuka akatoka nje.

Kisha akasoma matokeo. Maji ya kisima yana floraidi nyingi mno kwa watoto wadogo na wajawazito, na si mazuri kwa mtu yeyote anayeyanywa miaka na miaka. Lakini chama kinashauri kisima kisizibwe. Kitumike kufulia, kuogea na kunyweshea mifugo. Maji ya kunywa na kupikia yatafutwe kwanza kwa matangi ya mvua, shuleni na kanisani, na popote palipo na paa la bati. Na kuanzia sasa kisima chochote kitakachochimbwa kipimwe floraidi kabla ya kufungwa pampu. Akaongeza kwamba wanachama hawakukubaliana katika jambo moja: madaktari wa meno walitaka kisima kifungwe mara matangi yatakapokamilika, wengine walitaka kiachwe. Hoja za pande zote mbili zimeandikwa.

Mhandisi alisimama. "Sisi tuliwauliza swali dogo. Haya maji ni salama au si salama?"

"Si salama kunywa," Belinda alisema.

"Basi yazibwe! Zege imeshapitishwa. Mnatuambia si salama halafu mnasema tuyaache?"

"Mkiyaziba kabla ya kuwapa mengine, watu watarudi korongoni. Maji ya korongoni tumeyapima pia. Yataua haraka zaidi."

Diwani mmoja alinyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nina wasiwasi na hawa. Leo wanasema matangi, kesho watasema wao ndio wajengaji. Huu ni mradi wa watu."

"Chama chetu hakijengi wala hakiuzi tangi," Belinda alisema. "Tukishatoka hapa, kazi ni yenu."

Dorkas alikuwa amekuja kuwapinga wote. Alimtazama mhandisi aliyekuwa akidhani Belinda ni wa wanakijiji, akamtazama diwani aliyekuwa akidhani ni mtafuta mradi, akaona wanamwangalia yule mwanamke kama yeye alivyomwangalia juu ya ndoo yake. Hilo halikumfariji hata kidogo. Aliomba ruhusa ya kusema.

"Mimi ndiye niliyedai kile kisima," alisema. "Kama kimewadhuru watoto, nami nimo. Sijasoma, na hawa waliosoma siwaamini sana, hata huyu mama. Ila hili la korongo sihitaji chupa. Mkiziba, sitanunua maji kwenye lori, sina uwezo huo, na wenzangu hawana. Tutarudi kufukua mchanga. Mwanangu Peniel amelazwa pale juu. Mniambie leo hii, mbele ya mwenyekiti wenu, mtamlaza nani pembeni yake."

Mwenyekiti wa kikao alivua miwani, akaivaa tena, akasema jambo hilo litaamuliwa kesho yake.

Uamuzi ulipotoka ulikuwa wa nusu kwa nusu, kama maamuzi mengi. Zege ilisitishwa. Pampu ilipakwa rangi nyekundu na kuandikwa "SI YA KUNYWA". Sheria ndogo ya kupima visima vipya ilipitishwa, na tangi la shule likatengewa fedha. La pili, lililoahidiwa kitongojini, halijafika mpaka leo, na Dorkas amekwishajua majina ya makarani wote wa ofisi ya maji kwa kulifuatilia. Lori la Emilian bado linapita, ila wateja ni wachache. Ritha alipelekwa hospitali. Daktari alisema kuna dalili za maji na dalili za lishe pia, na kwa kuwa bado ni mdogo, miguu inaweza kunyooka kiasi. Kiasi gani, naye hakujua.

Chama kilimwomba Dorkas awe anawachotea maji kila msimu. Alikataa kujiunga, akakubali kuchota. Majibu yakichelewa humpigia Belinda simu. "Mbona kimya? Mmeanza kutuficha?" Na Belinda humsomea.

Mvua zilipokolea tangi la shule lilijaa kwa mara ya kwanza. Mwalimu mkuu aliwaita wazazi, akafungua koki, akamkabidhi Dorkas kikombe cha kwanza kwa heshima ya umri wake. Watu wakapiga makofi. Dorkas alikishika bila kukiinua.

"Mabati yalioshwa?"

"Yalioshwa, mama."

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe na wazazi wa darasa la sita."

"Maji ya mvua ya kwanza mliyamwaga?"

"Tuliyamwaga."

Akainama akanusa. Akazunguka tangi, akagonga ubavu wake kwa vidole, akatazama mfereji wa bati ulivyofungwa, akarudi. Makofi yalikuwa yamekwisha zamani. Alikunywa fundo moja, akalikalisha mdomoni.

"Hayana ladha," alisema. Kisha akayanywa yote, akarudisha kikombe kwenye koki, akamjazia Ritha.